Utabiri wa masika umeshatoka, sasa tupande lini?

Kila mwaka kabla masika haijaanza, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa utabiri wa mvua za masika, yaani Machi, Aprili na Mei. Ukishatangazwa redioni tu, simu ya afisa ugani haipumui. Kutoka Pongwe, Maramba, Mkanyageni, mpaka kule juu Amani, swali ni moja: "Afisa, wamesema mvua ni za wastani hadi juu ya wastani. Tumwage mbegu?"

Jibu ni kwamba utabiri wa msimu haukuambii siku ya kupanda. Unakusaidia kuamua kitu kingine: hela yako uiweke kwenye zao gani, ununue mbegu ya siku ngapi, ulime ekari ngapi. Siku ya kupanda inaamuliwa na udongo wako pamoja na utabiri wa siku chache zijazo. Anayechanganya mambo haya mawili ndiye anayerudi dukani kununua mbegu mara ya pili kwenye msimu huo huo. Leo nataka tuyatenganishe taratibu, kwa sababu wengi wenu mnalima kwa mkopo wa kikundi, na mkopo haujui kama mvua ilichelewa.

"Wastani" maana yake nini

Neno hili ndilo linalowapoteza wengi. Mtu akisikia "mvua za wastani" anaelewa mvua za kutosha. Sivyo. Wataalamu wanachukua mvua za msimu huo huo kwa miaka 30 iliyopita, wanazipanga kuanzia mwaka mkavu kabisa mpaka mwaka uliomwaga kuliko yote, halafu wanazigawa mafungu matatu. Fungu la chini ndilo "chini ya wastani", la kati ndilo "wastani", la juu ndilo "juu ya wastani". Kwa hiyo wastani ni wastani wa mahali hapo. Wastani wa Handeni ni mvua ambayo mtu wa Amani angeiita kiangazi. Amani hupata kama milimita 1,900 kwa mwaka, Tanga mjini kama 1,300, na ukivuka kwenda upande wa Handeni na Mkomazi unakuta sehemu hazifiki 1,000. Ukiambiwa "wastani" na unalima mpunga mahali ambapo wastani wenyewe haumtoshi mpunga, utabiri umekuwa sahihi na wewe umepata hasara.

Jambo la pili ni kwamba utabiri huu unatolewa kama uwezekano. Tuseme, kwa mfano tu, uwezekano wa kuwa juu ya wastani ni asilimia 45, wastani 35, chini ya wastani 20. Redioni utasikia "wastani hadi juu ya wastani", na hapo hapo watu wanasahau ile 20. Lakini ukilima misimu kumi yenye utabiri wa namna hiyo, tegemea misimu miwili hivi iwe mikavu. Ukitokea mmojawapo, kijiweni mtasema TMA wamedanganya. Hawakudanganya, walikwambia mapema kwamba nafasi hiyo ipo. Kazi yako kama mfanyabiashara ni kujiuliza: huo msimu mmoja katika mitano ukiniangukia mwaka huu, nitabaki na kitu? Kama jibu ni hapana, basi umeweka hela nyingi mno kwenye zao moja.

Tatu, ukubwa wa eneo. Kwenye utabiri wa msimu, sisi tumo kwenye kundi la pwani ya kaskazini: mkoa wa Tanga, Pwani pamoja na Mafia, Dar es Salaam, kaskazini mwa Morogoro, na visiwa vya Unguja na Pemba. Hebu fikiria, sentensi moja inamhusu mvuvi wa Mafia, mlima mihogo wa Mkuranga na mlima iliki wa Amani. Haiwezi kujua kilichomo shambani kwako. Ndiyo maana inafaa uende ofisi ya kilimo ya wilaya uulize kama kuna uchambuzi wa eneo lenu, na uombe pia ile taarifa ya hali ya hewa na kilimo inayotoka kila siku kumi. Wenyeji wa pwani hii hawakuwa wageni wa mahesabu hayo. Wazee waliuhesabu mwaka kuanzia Siku ya Mwaka kwa miongo, kila mwongo siku kumi, na wakulima na mabaharia walikuwa wanajua mwongo upi ni wa kupanda na upi ni wa kutweka tanga. Sisi tumerudi kule kule, tofauti ni kwamba sasa kuna setilaiti.

Na jambo la nne, ambalo kwa mkulima wa biashara naona ndilo zito kuliko yote: utabiri wa msimu unazungumzia jumla, mmea unakula mgawanyo. Milimita 300 zikidondoka milimita 10 kila siku kwa mwezi mzima, mahindi yanacheka. Milimita 300 hizo hizo zikija kwa siku sita za milimita 50, tena kwenye kichanga cha Mkinga au Pangani, maji mengi yanapita chini ya mizizi yakiondoka na mbolea yako, na siku 24 zilizobaki ni jua. Kwenye daftari la mwisho wa msimu zote mbili zitaandikwa 300.

Mvua yetu inatoka wapi

Nieleze kidogo, maana ukijua chanzo utaelewa kwa nini masika ni ngumu kutabirika kuliko vuli.

Kuanzia Desemba mpaka Machi tunapigwa na kaskazi. Upepo huu unapita sambamba na pwani, joto kali, mvua kidogo. Jua linavuka ikweta kama tarehe 21 Machi likielekea kaskazini, na ule ukanda wa mvua unaolifuata jua unavuta taratibu nyuma yake kutoka kusini. Kaskazi inalegea, kusi haijashika. Mabaharia wa zamani waliita kipindi hicho tangambili. Hapo ndipo mvua za kwanza zinapoanza, za kurukaruka: Muheza mjini inamwaga, Mkanyageni vumbi. Kusi ikishashika vizuri Aprili, inasukuma unyevu wa Bahari ya Hindi moja kwa moja nchi kavu, na hapo masika inakuwa masika kweli. Kwa pwani yetu, Aprili na Mei ndiyo miezi ya mvua nyingi. Machi ni mlango tu.

Sasa, vuli, ile ya Oktoba hadi Desemba, inasukumwa sana na joto la bahari: El Niño kule Pasifiki, na tofauti ya joto kati ya upande wetu wa Bahari ya Hindi na upande wa Indonesia. Vyote viwili vinaonekana miezi kadhaa kabla, ndiyo maana vuli ya 2023 ilitangazwa mapema kwamba itakuwa kubwa, na ikawa kubwa. Ifikapo Machi nguvu hizo huwa zimelegea. Kwa hiyo mtu akikwambia "kuna El Niño, masika itajaza mito", mwulize kwanza anazungumzia msimu upi.

Kinachoitawala masika zaidi ni vitu vya muda mfupi. Kimoja ni wimbi kubwa la mawingu linalozunguka dunia kuelekea mashariki kila baada ya siku 30 hadi 60, liligunduliwa na Roland Madden na Paul Julian mwaka 1971. Likiwa upande wetu mvua inachangamka wiki moja au mbili, likipita linaacha ukavu. Hili halionekani Februari, linaonekana wiki mbili tatu kabla.

Kingine ni vimbunga vya kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi. Watu wanadhani kimbunga maana yake mvua. Kikiwa mbali na sisi, mara nyingi ni kinyume chake, kinavuta unyevu kuupeleka kwake. Machi 2019 kimbunga Idai kilipiga Beira, Msumbiji, usiku wa kuamkia tarehe 15, na watu wengi walipoteza maisha kule. Huku kwetu na Kenya tulikuwa tunatazama mbingu nyeupe, mvua zikachelewa. Mwaka 2024 tukaona upande wa pili: Hidaya kikaja karibu kabisa, kikafika Mafia tarehe 4 Mei, boti za Zanzibar zikasimamishwa, na pwani yote ikalowa. Mambo mawili yenye jina moja, matokeo tofauti, na hakuna hata moja ambalo utabiri wa Februari ungeweza kulitaja kwa tarehe.

Mvua ya uongo

Sasa tuingie shambani. Tarehe 5 Machi mvua kubwa inanyesha usiku. Asubuhi kijiji kizima kina jembe begani, na bodaboda wanabeba mifuko ya mbegu. Mbegu zinaota baada ya siku tano mpaka nane. Halafu jua linarudi siku kumi na mbili. Hiyo ndiyo mvua ya uongo, na kwenye ukanda wetu si jambo la ajabu, ni sehemu ya tangambili.

Kipimo kinachotumika sana kwenye kilimo ni hiki: mvua imeanza kama umepata angalau milimita 20 ndani ya siku tatu, na baada ya hapo hakutokei ukavu wa siku kumi mfululizo katika wiki tatu nne zinazofuata. Sehemu ya kwanza unaipima mwenyewe. Sehemu ya pili ni ya mbele, huwezi kuiona, ila utabiri wa siku kumi unakupa mwanga. Milimita 20 zisikuchekeshe: kwenye ekari moja ni lita kama 80,000, yaani madebe zaidi ya 4,000. Lakini jua la Machi na upepo vinaweza kunyonya milimita 4 mpaka 6 kwa siku. Piga hesabu uone madebe hayo yanadumu siku ngapi kwenye ardhi iliyo wazi.

Kipima mvua huhitaji kununua. Kopo lolote lenye kuta zilizonyooka linatosha. Liweke mahali pa wazi, mbali na miti na mapaa, juu ya kigingi, na hakikisha halijainama. Kila siku saa 3 asubuhi tumbukiza rula, soma kina cha maji kwa milimita, andika, mwaga. Upana wa mdomo haujalishi mradi kopo limenyooka toka juu mpaka chini. Ukitumia chupa ya maji ya kunywa, chini yake kuna mabonde, kwa hiyo mimina simenti kidogo pawe tambarare kwanza. Vijana watano wa kikundi kimoja wakifanya hivi kwa misimu mitatu, mtakuwa na kitu ambacho benki na kampuni za bima ya mazao wanakihitaji sana na hawana: rekodi ya kijiji chenu.

Baada ya kopo, chimba. Shubiri moja chini, toa udongo, ufinyange mkononi. Ukishikana na kubaki umeshikana ukiuachia, unyevu umefika. Ukisambaratika kama unga, mvua imelowesha ngozi tu. Kichanga kinalowa haraka mpaka chini na kinakauka haraka. Mfinyanzi mvua ile ile imeingia nusu shubiri, lakini itakaa. Ndiyo maana majirani wawili wanaweza kupata mvua moja na mmoja apande leo, mwingine asubiri, na wote wawe wamefanya sawa.

Kuna wanaopanda kwenye vumbi, mbegu zisubiri mvua. Kwa trekta la kukodi naelewa, ukikosa zamu yako unakaa wiki mbili. Lakini kwenye ukanda wa tangambili hiyo ni bahati nasibu, maana mvua ya milimita 8 inatosha kuiamsha mbegu, haitoshi kuikuza. Limisha mapema kadiri unavyoweza, tayarisha mistari, weka kila kitu ndani. Kupanda kwenyewe kwa vibarua wanne ni kazi ya siku moja kwa ekari.

Na hasara ya kurudia kupanda iko wapi hasa? Mkulima mwingi anasema "ni mbegu tu". Mahindi yanakula kilo 8 mpaka 10 za mbegu kwa ekari. Weka bei ya duka lako. Ongeza vibarua wa kupanda mara ya pili. Mbolea ya kupandia, kama uliweka DAP, nyingi bado imo ardhini, hiyo usiihesabu yote kama hasara, wala usiweke tena mfuko mzima. Lakini pigo kubwa ni siku ulizopoteza, na hapo ndipo tunafika upande wa pili wa mizani.

Kusubiri nako kunalipiwa

Maana wapo waliosoma mambo haya nusu, wakawa wanasubiri mpaka wamechelewa. Chukua mbegu ya siku 110. Ukipanda tarehe 20 Machi, mahindi yatatoa mbelewele na ndevu katikati ya Mei, mvua ikiwa imeshika, na utavuna karibu tarehe 8 Julai. Ukipanda tarehe 20 Aprili, maua yanakuja kati ya tarehe 14 na 19 Juni. Kule tambarare, Juni masika imeshakatika. Mahindi yakikosa maji wiki ile ya maua, gunzi linakuwa na mapengo kama kinywa cha mzee, na hakuna mbolea ya kulirudisha. Yaani mwezi mmoja wa kusubiri unaweza kukugharimu kuliko mfuko wa mbegu uliokuwa unauogopa.

Kwa hiyo mimi nashauri hivi kwa Muheza ya chini, Mkinga, Pangani na Tanga yenyewe. Jiwekee tarehe ya mwisho kabla msimu haujaanza, ukiwa na akili tulivu. Kwa mbegu ya siku 110, baada ya kama tarehe 10 Aprili usiipande tena. Badilisha: nenda mbegu ya muda mfupi ya siku 90, au ekari hizo zipe choroko na kunde, ambazo ndani ya siku 70 hivi umeshavuna. Mihogo na viazi vitamu vina uvumilivu, vyenyewe vipande mvua ikishashika. Pesa ya mbegu mbadala itenge Februari, kwa sababu Aprili kila mtu anatafuta choroko na duka limeshauza.

La pili, usipande shamba lote siku moja. Mwenye ekari sita apande tatu mvua ya kwanza ya kweli, tatu baada ya siku kumi mpaka kumi na nne. Utapoteza kidogo mwaka mzuri, lakini mwaka mbaya hautakumaliza. Kwa anayelipa mkopo, kutokumalizwa ndiyo faida yenyewe. Ila kupanda kwa awamu kuna gharama yake kwenye viwavijeshi vamizi, hawa walioingia nchini 2017: mahindi machanga ya awamu ya pili yanaendelea kuwapa chakula. Kagua kwenye kiini cha mmea mara mbili kwa wiki mara tu mvua inaposimama.

Mbolea ya kukuzia iangalie na utabiri wa siku tano. Urea ukiimwaga juu ya udongo, kesho ikaja mvua ya milimita 60, umewalipia mbolea samaki wa Mto Pangani. Ukiimwaga jua kali bila mvua, nyingine inaruka hewani. Fukia, siku ambayo udongo una unyevu na mvua inayotarajiwa ni ya wastani.

Juu Amani ni habari nyingine

Nimeshazungumzia tambarare sana, na najua wasomaji wa Amani, Kwamkoro na Mbomole mmeanza kuguna. Kwenu hesabu ya mvua ya uongo haina uzito ule. Usambara Mashariki ndiyo milima ya kwanza upepo wa bahari kukutana nayo, kilomita 40 hivi tu kutoka pwani. Hewa yenye unyevu inapandishwa mpaka mita 900 na zaidi, inapoa, inamwaga. Hata Januari na Februari huwa hapakauki kabisa. Wajerumani walipofungua kituo cha utafiti wa mimea na kilimo pale Amani mwaka 1902, mvua ilikuwa sababu mojawapo ya kuchagua mahali pale.

Kwa hiyo utabiri ukisema "juu ya wastani", Pangani wanashangilia, wewe wa Amani unapaswa kuanza kuwaza. Maji kwako hayakosekani, yanazidi. Pilipili manga haipendi mizizi kukaa majini. Wiki mbili za maji yaliyotuama zinatosha kuozesha shina ambalo umelilea miaka minne. Fungua mifereji sasa, Februari, udongo ukiwa mkavu, usingoje Aprili. Mfereji ukate mlima kwa mteremko mdogo, usiushushe wima kama slaidi ya watoto, la sivyo umetengeneza korongo. Mlima iliki anajua kwamba kivuli ndiyo paa la iliki. Punguza matawi kidogo hewa ipite, usikate mti. Miche ya karafuu, mdalasini na vipando vya pilipili manga ndiyo muda wake, vishike mizizi kabla Julai haijafika na baridi yake.

Miteremko iliyolimwa wazi ndiyo inayonitisha zaidi. Mvua ya milimita 80 kwa siku kwenye mlima uliofyekwa mpaka udongo mwekundu unaonekana haichukui tope tu, inachukua ile rutuba ya juu, na tope hilo linashuka Mto Zigi mpaka bwawa la Mabayani, ambako ndiko watu wa Tanga mjini wanakopata maji. Matandazo, majani ya guatemala kwenye kingo za matuta, na kutolima ndani ya mita 60 za mto kama sheria ya mazingira inavyotaka. Sisemi haya kama mtu wa hifadhi. Nasema kwa sababu shamba lako likishashuka Zigi, halipandi tena.

Halafu kuna soko. Viungo vya Amani havifi kwa kukosa mvua, vinafia njiani na kwenye mkeka. Aprili na Mei barabara za vijijini zinateleza, gari halipandi, dalali anakuja na bei anayoitaka yeye. Kama utabiri unaelekea juu ya wastani, shusha mzigo mkavu kabla ya katikati ya Machi, au jipange kikundi mpate ghala lisilovuja Muheza. Kaushio la jua la nailoni, hata la fito za mianzi, jenga sasa. Iliki iliyokaukia juu ya moshi jikoni mnunuzi wa nje anaijua kwa pua kabla hujafungua gunia.

Kwa wa mboga maneno machache. Nyanya za masika zina bei kwa sababu wengi zinawashinda: bakajani chelewa, kinyausi kwenye vitalu, maua kuporomoka. Kama huna banda la nailoni wala hela ya dawa kila wiki, waachie wenye uwezo, wewe otesha miche Mei uhamishie shambani mvua ikikatika. Utakutana na soko lenye njaa na kusi kavu.

Alama za wazee

Naulizwa sana kuhusu kilimia. Wazee husema kilimia kikizama kwa mvua huibuka kwa jua, na kikizama kwa jua huibuka kwa mvua. Nyota zile hupotea angani jioni karibu na mwanzo wa Mei na kuonekana tena alfajiri Juni, yaani zinazama masika ikiwa imepamba moto na kuibuka masika ikiisha. Ni kalenda nzuri sana ya majira, ila ni kalenda, haikwambii mwaka huu utakuwaje. Mchwa kuruka, mbuyu kuchipua, joto la usiku kuzidi, hizo zinaonyesha unyevu hewani siku za karibuni. Ziandike kwenye daftari lile lile la kipima mvua. Baada ya misimu mitatu utajua ipi inakufaa kijijini kwako na ipi ni hadithi.

Msimu ukishaanza

Kuanzia Machi wacha kusikiliza "utabiri wa masika" na uanze kufuata utabiri wa siku tano na wa siku kumi. TMA hutoa pia viwango vya onyo kwa rangi, navyo si vya wavuvi peke yao. Njano ni angalizo: ahirisha urea, ahirisha kupulizia dawa, funika mazao yaliyo kwenye mkeka. Rangi ya chungwa ni tahadhari: toa pampu ya maji kwenye kingo za mto, hamisha mifugo mabondeni, zibua mifereji, na kama una mzigo wa kushusha kutoka Amani usiutume siku hiyo. Nyekundu ni tahadhari kubwa, hapo shamba liache lilivyo, shughulika na watu.

Wale wa tambarare mnaosubiri kupanda: trekta iite sasa, mbegu iweke ndani, kopo liwe juu ya kigingi kabla ya tarehe 1 Machi. Wa Amani, majembe ya mifereji. Na mtakaoanza kuandika mvua yenu, nileteeni daftari mwishoni mwa Mei tulinganishe Maramba na Muheza na Kwamkoro, mvua moja ilivyogawanyika.